Bustani ya Forodhani na kiwanja chetu cha kando ya mto

Wengi mmetuuliza sokoni, kisimani na hata matangani: "Mlikwenda Unguja kufanya nini, na mmerudi na nini?" Vikwembe tulivyorudi navyo vimekwisha kuuzwa, na aliyekosa asikasirike, tulileta vichache. Yaliyobaki ni yale tuliyoyaona, na hayo tunayaandika katika gazeti letu kwa sababu yanagusa jambo ambalo chama kinapaswa kuamua kabla ya mvua kuanza.

Jambo lenyewe mnalijua. Ni kile kiwanja cha maembe kando ya mto, ambapo mama zetu walicheza walipokuwa wasichana na ambapo ngoma za tarehe 30 Juni zilipigwa miaka mingi. Leo mmebaki miembe, majani marefu, na vijia vya watoto wanaoteremka kuoga. Kikundi kimoja katika chama kinataka pesa za mfuko zinunue pembea za chuma na kile chombo cha kuzunguka, ili 30 Juni ijayo watoto wapate raha. Kikundi kingine kinasema ni kutupa pesa mtoni. Sisi wanne tuliosafiri tulikuwa tumegawanyika pia, wawili huku na wawili kule. Tulirudi na wazo moja. Mtatuambia kama tumepotea.

Tuseme kwanza namna tulivyofika, maana kuna waliodhani chama kilitulipia. Hapana. Kila mmoja alitumia zamu zake za likelemba, na wawili kati yetu wana kawaida ya kwenda Kigoma kwa biashara, ndio walioijua njia. Mwalimu alikuwa katika likizo kubwa. Mmoja wetu ana binamu yake aliyeolewa Unguja, na kwake ndiko tulikolala. Tulipanda moto mpaka Fizi, tukahesabu barieri hadi tukaacha kuhesabu, tukateremka Baraka, tukangoja boti. Ziwa lilikuwa limechafuka usiku ule. Mmoja wetu alitapika tangu tulipoacha pwani mpaka tulipoona taa za Kigoma, na ameomba jina lake lisitajwe.

Njia ile ni ya zamani kuliko leta yenyewe. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Kasongo na Nyangwe, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, ikaendelea Tabora na Bagamoyo, kisha ikaingia Unguja. Livingstone alikaa Bambare, ndiyo Kabambare yetu, miezi mingi mwaka 1870 na 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Hayo tunayafundisha darasani kila mwaka, watoto wanayaandika katika daftari na kuyasahau baada ya mitihani. Kuyapita kwa tumbo lako mwenyewe ni somo jingine. Wao walitembea miezi. Sisi, kutoka Kigoma, tulipanda gari la moshi kwenye reli ambayo Wajerumani waliifikisha pale mwaka 1914, tukakaa ndani yake siku mbili mpaka Dar es Salaam, tukilalamika juu ya viti.

Ujiji tulikwenda asubuhi moja kabla ya gari la moshi kuondoka. Ni karibu na Kigoma. Kuna miembe mikubwa sana huko, ya ukoo mmoja na ya kwetu, na watu wanasema ilikua kando ya njia ya misafara. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alitusikia tukizungumza, akainua kichwa. "Nyinyi ni Wamanyema," akasema. Hakuuliza. Tukamjibu ndiyo, bibi, shikamoo. Akacheka, akasema bibi yake mzaa mama naye alikuwa Mmanyema, aliletwa mdogo, na hakurudi. Tulimwuliza aliletwa kutoka kijiji gani. Hakujua. Alijua wimbo mmoja tu wa kumbembeleza mtoto, na maneno mengine ndani yake hakuyaelewa. Mmoja wetu aliyaelewa. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, na nusura gari la moshi lituache.

Tumeliweka hili hapa kwa sababu Forodhani, mahali ambapo ndipo habari yetu, si bustani tu. Forodha ni mahali pa kulipia ushuru. Kabla bandari haijahamia upande wa Malindi, ushuru wa pembe na karafuu ulitozwa hapo ufukweni mwa Mji Mkongwe. Pembe zilizotoka kwetu zilifika hapo, na katika misafara ile watu nao walikuwa mali. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na leo pamejengwa kanisa kuu la Waanglikana. Tippu Tip, aliyekuwa na mji wake Kasongo, alifia Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ipo Shangani, si mbali na bustani kwa miguu. Tuliipita. Watu wanaishi ndani, nguo zimeanikwa. Mmoja wetu alitaka kugonga mlango, tukamkataza. Ungemwambia nini anayefungua?

Bustani yenyewe ilipandwa mwaka 1936, wakati Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya kutawala. Iliitwa ya Jubilii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa ya Jamhuri. Watu waliendelea kusema Forodhani, na hata sasa ukimwambia dereva jina lingine atakuuliza unamaanisha Forodhani? Iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, bahari iko upande wa pili, na katikati kuna miti mikubwa, njia za mawe, viti, jukwaa la wapiga muziki, na sehemu ya watoto kuchezea. Hakuna mlango wa kulipia. Tuliuliza mara mbili tukidhani tumedanganywa.

Tulifika jioni, saa kumi na mbili, wakati wauzaji wanapanga meza. Lazima tuwaambie juu ya chakula, mkipenda msipende. Pweza, mishikaki, samaki wa kila aina, mihogo, chapati wanazozijaza nyama na yai na kuziita piza. Urojo, ambao ni mchuzi wa manjano wenye embe mbichi, bajia na viazi ndani. Maji ya miwa yanakamuliwa mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi. Watoto wanakimbia. Paka wengi. Wavulana wanajirusha baharini kutoka juu ya ukuta, wanaita makachu, mmoja anapinduka hewani na mwingine anapiga kelele, na watalii wanapiga picha. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa karibu nasi hakuwatazama kabisa. Tulimwuliza haogopi? Akasema wa kwake yuko pale, amemkataza tangu ana miaka saba, sasa ana kumi na sita, na kila jioni anakuja kukaa hapa akigeuza mgongo ili asione, lakini asiwe mbali. Mama yeyote wa hapa kwetu anayesikia watoto mtoni anajua mgongo ule.

Binamu wa mwenzetu ndiye aliyetueleza hali ya bustani kabla ya kutengenezwa. Alikuwa msichana. Anasema ilikuwa nzuri bado, lakini mvua ikinyesha maji yalikaa, usiku taa zilikuwa chache, moshi na uchafu wa vyakula ulikuwa unatupwa popote, na ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa. Mwanamke mwenye watoto alikwenda mapema na kuondoka mapema. Halafu mwaka 2008 bustani ikafungwa. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulichukua kazi ya kuitengeneza, kwa makubaliano na serikali ya Zanzibar, maana Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na bustani hiyo ni kama uso wake. Ikafunguliwa tena mwisho wa Julai 2009.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ilitubadilisha. Tulimwuliza: mwaka mmoja na nusu wote ule walikuwa wanafanya nini? Bustani si kubwa. Ukitoka mwisho huu kwenda mwisho ule humalizi karanga za mkononi. Akasema: "Walichimba." Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ardhini na upande wa bahari, kuimarisha ukuta, kuweka mifereji ya maji ya mvua na ya maji machafu, kupitisha nyaya za umeme wa taa. Vitu ambavyo leo ukikaa pale na mwanao hutaviona hata kimoja. Kilichoonekana, yaani njia, majani, viti na michezo ya watoto, kilikuja juu ya hayo. Na miti mikubwa ya zamani iliachwa kivulini mwake, haikukatwa ili kupata nafasi.

Mwalimu mmoja kati yetu (ndiye aliyetaka pembea kuliko wote) alinyamaza muda mrefu. Kiwanja chetu kiko kando ya maji yanayopanda kila mwaka. Mnakumbuka mahali ukingo ulipokatika karibu na mwembe wa pili. Ukiweka chuma pale leo, kwa saruji ya mifuko miwili, mto utachukua miguu yake katika mvua mbili au tatu, na chuma kilicholegea chini ya mtoto ni kibaya kuliko kutokuwa na chuma.

Jambo la pili ni wauzaji. Wakati wa kazi walilazimika kuuzia kwingine, na mwenyeji wetu anasema hofu ilikuwa kubwa kwamba bustani ikiisha kupendeza itakuwa ya wenye mahoteli na wao hawatarudishwa. Walirudishwa. Walipangiwa sehemu yao, na leo usiku bila wao Forodhani ingekuwa viti na giza. Tulikaa kwa muuzaji mmoja mpaka karibu saa nne za usiku, na tulipomwambia tunatoka Kongo, Maniema, akatuita mama zangu na kutuongezea muhogo. Alisema kila muuzaji anafagia mbele ya meza yake kabla ya kuondoka, na ukiacha taka wenzako ndio wanakusema kwanza. Hatukuweza kujua kama ni kila mmoja kweli. Asubuhi tulirudi kutazama, na palikuwa pasafi kuliko soko letu siku ya Jumapili.

Tusiwafiche mabaya. Bei zinategemea uso wako. Tulipozungumza Kiswahili chetu bei ilishuka, lakini si mpaka chini, na yule mwenzetu aliyevaa miwani ya jua alilipa zaidi yetu sote kwa pweza uleule. Vijana wanakuita, wanakufuata, wanakushika mkono. Samaki wengine wamekaa juu ya meza chini ya taa muda ambao mama yeyote wa hapa angemwuliza muuzaji maswali. Na tuliona wazi kwamba familia za pale hazinunui sana kwenye meza za katikati. Wanakuja na chakula chao katika bakuli, wananunua urojo au maji ya miwa, wanakaa ukutani. Mahali pametengenezwa kwa wageni na wenyeji, na wenyeji wamejua kuchukua upande wao. Sisi siku ya pili tulifanya hivyohivyo, tukaja na wali wa nyumbani.

Wapenda pembea msituchukie, tulikwenda pia Kariakoo. Si ile ya Dar es Salaam, ni ya Unguja, uwanja wa kufurahisha watoto wenye pembea kubwa na vitu vya kuzunguka, uliotengenezwa upya na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar, ZSSF. Siku za Idi, tuliambiwa, hapatoshi. Watoto wa mwenyeji wetu walitutembeza kama mawaziri. Ni raha, hatukatai, na mmoja wetu mwenye miaka arobaini alipanda kitu ambacho hataki kukisimulia. Lakini tuliangalia vizuri: kuna umeme, kuna walinzi, kuna watu ambao kazi yao ni kukaza zile nati na kupaka mafuta, na kuna mfuko wa wafanyakazi wa nchi nzima nyuma yake. Chama chetu kina wamama sitini na mbili na sanduku lenye kufuli mbili.

Na hata palipo na serikali, kuchelewa kunaua. Karibu kabisa na Forodhani, Beit el Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, lilianguka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walikufa. Miaka mingi ilikuwa imesemwa kwamba linaharibika. Tulisimama kulitazama na watoto wa mwenyeji. Mdogo alituonyesha kwa kidole mahali saa ya mnara ilipokuwa.

Wako watakaosema: Unguja ni mbali, bahari si mto, mtuletee mfano wa nchi yetu. Tunao. Maji ya Luama yanaingia Lualaba, Lualaba inageuka mto Kongo, na maji hayohayo kabla ya kufika Kinshasa yanapita Nsele. Huko Mobutu alijenga mahali pa raha kando ya mto: bwawa kubwa la kuogelea, jengo la mtindo wa Kichina lenye mapaa yanayopinda juu, nyumba za wageni, bustani. Wakubwa wetu wanalijua jina hilo kwa sababu ya Manifesto ya Nsele ya mwaka 1967, ambayo wengine waliikariri shuleni. Mwaka 1974 Muhammad Ali alikaa huko akijitayarisha kupigana na Foreman. Pesa zilizoingia pale hatuwezi kuzihesabu. Utawala ulipoanguka, watu walibeba walichoweza kubeba, na majani yakachukua vingine. Hakukuwa na mama aliyeuza mikate pale kila jioni na kusema, hapa ni petu, usiguse. Palikuwa pa mtu mmoja, naye aliondoka.

Tulilizungumza hili usiku mzima ndani ya gari la moshi tukirudi, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kulala. Yule aliyekuwa anasema pembea ni kutupa pesa alitushangaza. Alisema hataki kiwanja kikae kama kilivyo pia, maana kiwanja kisicho na mtu kina mwenyewe siku zote, ila hatujamwona bado. Ana haki. Mnajua namna viwanja vinavyopotea hapa. Mtu anaanza na mihogo mistari minne, mwaka unaofuata kuna nyumba ya udongo, wa tatu kuna karatasi yenye muhuri. Sisi hatuna karatasi yoyote ya pale. Tuna kumbukumbu za mama zetu na miembe.

Basi pendekezo letu wanne ndilo hili, na tunaliweka wazi ili mje mkiwa mmelifikiri.

Kabla ya franka hata moja kutoka katika sanduku, tumwendee shefu pamoja, si wajumbe wawili, wote tulio na miguu, tuombe mahali pale paandikwe kuwa pa watoto na wamama, na mpaka upimwe kwa kamba mbele ya wazee wa pande zote mbili. Yule mzee mwenye mihogo upande wa chini tumwite mapema na kwa heshima. Alilima wakati sisi tumelala. Tukimfukuza tutakuwa na adui mtoni. Tukimpa muda avune na kumwomba awe mlinzi, huenda tukapata mlinzi.

Halafu ukingo. Hatuna saruji ya kujenga ukuta wa Forodhani, wala hatuihitaji. Tuna mawe, tuna mianzi, tuna matete, na tuna salongo. Baba zetu walijua kupanda mianzi mahali maji yanapokula ardhi, mizizi inashika. Mahali watoto wanapoteremka pawe pamoja tu, pasiwe pengi kama sasa, pafanywe ngazi za mawe, mahali penye maji madogo na mkondo usio na nguvu, na fito zikingwe mahali maji yanapoanza kwenda kina. Kila mama hapa anajua jina la mtoto ambaye mto ulimchukua. Hatutawazuia watoto wa Kabambare wasioge, tusijidanganye, hata yule mama wa Unguja ameshindwa na mmoja tu. Tunaweza kuchagua mahali wanapoogea, na nani anakaa karibu.

Ndiyo maana wauzaji waje kabla ya pembea. Wale wamama watano wanaouza mikate, karanga na ndizi za kuchoma barabarani, kwenye vumbi la moto zinazopita, tuwajengee kibanda cha majani chini ya mwembe wa kwanza, wasilipe kitu mwaka mzima, kazi yao iwe macho. Wako pale kila siku kuanzia saa tisa mpaka giza, saa zilezile watoto wanapotoka masomo. Hakuna mlinzi tutakayemlipa atakayetazama mto kama mwanamke aliye na wa kwake ndani ya maji. Na choo kiwe mbali na mto. Kuna waliocheka tulipotaja choo katika habari ya bustani. Waulizeni wasichana wa kalasi ya sita kwa nini hawaendi kwenye sherehe zinazochukua siku nzima.

Mfereji mmoja wa maji ya mvua kutoka barabarani kwenda mtoni, upite pembeni, usikate kiwanja katikati kama sasa. Huo tunaweza kuuchimba kwa majembe katika Jumamosi mbili.

Pembea? Tutafunga za kamba kwenye matawi ya miembe, kama mama zetu walivyofunga. Kamba ya pirogi, ile nene, inavumilia. Kamba ikichakaa unaiona kwa macho na unaikata. Nati iliyolegea ndani ya chuma huioni. Matawi yakaguliwe na mtu anayejua miti, si na watoto. Wale wanaotaka chuma tunawaomba mwaka mmoja. Kama baada ya mvua zijazo ukingo umeshika na wamama wa mikate bado wako pale, sisi wanne tutakuwa wa kwanza kuchangia, na yule aliyepanda kile kitu Kariakoo amekwisha kuahidi kuku wawili.

Mama Prezida amesoma maandishi haya kabla hayajatoka. Hakukubali yote. Anasema 30 Juni bila kitu kipya cha kuwaonyesha watu itauvunja moyo wa waliochanga, na kwamba tunawafikiria wachangiaji kuwa na subira ya walimu. Huenda ni kweli. Ametuachia tuyachapishe hivyohivyo, tunamshukuru.

Mkutano ni Jumamosi hii saa nane, chini ya mwembe wa pili, si shuleni, ili kila mtu aone ukingo kwa macho yake. Anayeweza alete jembe na kamba ndefu. Wenye watoto wadogo waje nao. Wale wamama watano wa mikate tumewaomba waje pia, na waseme wa kwanza.